Kitambi Juu ya Mwamba

Nilipokuwa na miaka ishirini na kitu, kazi yangu ilikuwa kusimama. Bwana mpima wa Kidachi aliinamia darubini yake ya miguu mitatu, akapunga mkono, nami nikaenda kusimama alipotaka, nimeshika ncha ya mnyororo wa kupimia, mpaka apunge tena. Wenzangu waliichukia kazi ile. Mimi niliipenda. Mtu akisimama saa nzima mahali pamoja huanza kuona vitu, na keshoye anahamishwa akaone vingine.

Siku moja mwishoni mwa kiangazi nilisimamishwa upande wa Gairo, kwenye pori lililokuwa limetoka kuungua. Ardhi ilikuwa nyeusi, miti imebaki vijiti. Juu ya jabali lililokuwa mbele yangu, mahali ambapo udongo wote usingejaza kikombe, kilikaa kitu mfano wa mzee mnene aliyevua shati. Kilikuwa na tumbo la kijivu, laini, lenye mikunjo, na mikono mifupi iliyonyoshwa juu. Hakikuwa na jani hata moja. Lakini kwenye ncha za mikono ile yalijaa maua, mekundu kandokando na meupe katikati, mabichi kabisa, kana kwamba mvua ilikuwa imelinyeshea jabali lile peke yake.

Niliuacha mnyororo nikapanda kuyashika. Matusi ya Kidachi niliyotukanwa siku ile nayakumbuka mpaka leo, ingawa sijawahi kujua maana yake yote.

Jioni, karibu na kambi yetu, nilimkuta mama mmoja wa Kikaguru akichota maji kwenye shimo alilochimba katika mchanga wa mto mkavu. Alichota kwa kibuyu kidogo, polepole, akingoja shimo lijae tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama unataka maji, ngoja. Hapa tunangoja."

"Sitaki maji. Nataka kujua ule mti wenye tumbo, kule juu ya mawe, unakunywa nini."

Alicheka hadi akaweka kibuyu chini. "Unakunywa mvua ya mwaka jana. Unafikiri tumbo lile ni la nini? Sisi tunaweka akiba kwenye mtungi, wenyewe umejiwekea tumboni."

"Na ukipandwa nyumbani?"

"Nani ahangaike kuupanda? Hauliwi, haupikwi. Tena ukikata tawi usilambe mkono. Yale maziwa yake wawindaji wanapaka kwenye mishale."

Alinitajia jina la mti ule kwa Kikaguru. Nililirudia mara tatu ili nisilisahau, na kabla ugali haujaiva nilikuwa nimelisahau. Hilo linaniuma, kwa sababu nimepita Gairo mara nyingi baadaye na kila ninayemuuliza ananipa jina tofauti.

Asubuhi yake nilichimba mche mmoja mdogo wa aina ile, ukubwa wa ngumi, nikautia kwenye gunia pamoja na nguo zangu. Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa mke wangu.

Mke wangu alikuwa Mluguru wa milimani, juu ya misheni ya Matombo, upande ule wa mvua ambako migomba huota mpaka ukingoni mwa njia na nguo zilizofuliwa hukaa siku tatu bila kukauka. Kwao ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata mama. Mwanamume anayeoa hapo huhamia kwa mkewe. Anapewa mahali pa kulima, lakini mahali hapo si pake, na kuna jambo moja haruhusiwi kulifanya bila idhini ya ukoo, nalo ni kupanda mti. Mahindi yakivunwa yamekwisha. Mgomba nao ukikatwa mkungu umekufa. Lakini mwembe utasimama miaka na miaka, na kwa desturi yao mti ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi si yake. Kwa hiyo wanaposema "huyu amepanda mti kwetu," wana maana mtu huyo ana haki ya kuja na kuingia mahali pale siku zote, yeye na jina lake. Waliooa pale miaka kumi, wakalima na kuzika, ndio waliopewa ruhusa hiyo.

Mimi nilikuwa na miaka mitatu, na katika miaka hiyo nilikaa nyumbani labda miezi kumi. Baba yangu alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyezoea kulala kila usiku mahali papya, na miguu yake nimeirithi. Kila niliporudi nilileta kitu: chumvi, kaniki, shanga, kioo. Safari ile ya Gairo, nilipokuwa nafunga mzigo, mke wangu alisema, "Safari hii usiniletee cha kuvaa. Niletee kitu chenye mizizi."

"Mjomba wako hataniruhusu kukipanda."

"Wewe lete. Mjomba niachie mimi."

Nilimwelewa. Alitaka niwe na kitu changu ndani ya ardhi ya kwao, ili wanawake wenzake kisimani waache kumwita mke wa mpita njia.

Kutoka Gairo mpaka Morogoro tulitembea siku sita. Mjini tulikaa siku tatu, bwana mpima akiandika ramani zake karibu na stesheni, ambapo watu walikuwa bado wanatoka mashambani kuja kuliangalia garimoshi likipumua. Kisha nikapewa ruhusa, nikapitia Bigwa na kuizunguka milima kwa siku mbili. Siku zote hizo kumi na moja sikuupa mmea wangu hata tone. Kila jioni nilifungua gunia nikaubonyeza tumbo. Lilikuwa gumu vilevile. Nilianza kuusemesha.

Mjomba wa mke wangu, aliyekuwa mkuu wa ardhi ya ukoo, alinikuta ninaukung'uta uani. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya ukindu, na kwa kuwa Waluguru na Wanyamwezi ni watani, alikuwa na ruhusa ya kuniambia lolote. Maneno yake ya kweli aliyapitisha humo humo kwenye utani, na ilikuwa juu yangu kuyachambua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mtani. Naona Wanyamwezi mmeacha kubeba pembe za ndovu. Sasa mnabeba vitambi vya watu?"

"Ni mmea, mjomba. Unatoa maua kiangazi, bila maji."

"Bila maji! Umetoka nao wapi, jehanamu?" Aliugeuzageuza mkononi. "Ni mti huu?"

Mke wangu alikuwa mlangoni na ungo. Niliona mikono yake imesimama.

"Sijui, mjomba," nikasema. Na kweli sikujua.

"Hata mimi sijui. Basi hauingii ardhini mpaka tujue. Mpe chungu. Akae chunguni kama dawa ya mganga, tumwangalie." Alinirudishia. "Hiki Kitambi kikituonyesha ni nini, tutakaa tuseme."

Tangu siku ile kikaitwa Kitambi. Nilikipanda kwenye chungu kilichovunjika mdomo, kwa udongo mweusi mzuri wa migombani, nikakiweka chini ya upenu. Usiku wakati wa kula mke wangu alisukuma bakuli la mboga kwangu, akasema, "Chungu kinabebeka. Ndiyo maana amekuruhusu chungu."

Sasa nieleze kosa lililofuata, ambalo lisingetokea mahali pengine.

Mama mkwe wangu aliishi nasi ua mmoja. Kwa heshima ya mkwe, mimi naye hatukusemezana uso kwa uso. Tulipokutana njiani, mmoja aliingia majanini mpaka mwenziwe apite. Nilipokaa uani, yeye alikuwa jikoni, na akitoka alitoka kwa mlango wa nyuma. Katika miaka mitatu sikuwa nimemtazama machoni. Heshima yake aliionyesha kwa vitendo: maji yangu ya kuoga yalikuwa ya moto daima, na kipande changu cha samaki kilikuwa kile cha katikati.

Mama huyu alikiona Kitambi chini ya upenu, akajua ni kitu cha mkwe wake kilichotoka mbali. Kwao mgeni akifika, kabla ya salamu kwisha anapewa maji. Basi kila alfajiri, kabla sijaamka, alikimwagia kibuyu kizima.

Mwanzoni nilifurahi. Kilitoa majani, mazito, yenye kung'aa. Nikafikiri, kumbe Gairo kilikuwa kinateseka tu. Baada ya wiki tatu majani yakawa ya njano na tumbo likaanza kulegea. Asubuhi moja niliamka mapema nikasikia maji yakimwagika, nikaelewa.

Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama aache kukimwagilia."

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni. "Nimwambie mama yangu asimpe mgeni wako maji?"

"Si mgeni, ni mmea."

"Umekitoa mbali, umekiweka kwenye upenu wa nyumba yake. Kwa mama ni mgeni. Mwambie mwenyewe."

"Unajua siwezi."

"Basi na mimi siwezi."

Nikakihamishia nyuma ya nyumba, juu ya jiwe, kwenye jua. Mama akakitafuta mpaka akakipata, na kwa kuwa alikikuta juani, akakipa vibuyu viwili.

Siku niliyokibonyeza kidole kikazama, nilisikia harufu kama ya muhogo uliosahaulika majini. Nikakitoa chunguni. Chini kote kulikuwa na utelezi wa kahawia. Sikuwa na wa kumuuliza; mama wa Gairo alikuwa mbali, na wala yeye hakuwahi kukipanda. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya jabali lile: jua, upepo, na kikombe kisichojaa udongo. Nikachukua kisu, nikakata nyama iliyooza, kidogo kidogo, nikikifuta kisu kila mara, mpaka nikafika penye nyama nyeupe, ngumu, inayotoa maziwa. Nilikuwa nimepoteza karibu nusu. Nikapaka jeraha majivu. Kisha nikawaza: kama maji ndiyo adui, mahali pakavu kuliko pote katika nchi hii ni wapi? Nikamwomba mke wangu akifunge kwa kamba, akitundike jikoni, juu ya moshi, kwenye uchaga wanapokausha samaki na mbegu za mahindi.

Alikitundika. Kikaning'inia hapo kichwa chini, kimenyauka, juu ya sufuria ya mama yake.

Siku ya pili, nilipokuwa uani nashona kiatu, sauti ya mama mkwe ilitoka jikoni. Hakuwa akinisemesha mimi. Kulikuwa na kuku mlangoni.

"Ewe kuku," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "waambie watu wenye akili kwamba hapa kwetu mgeni hakaushwi kama kambare."

Kuku akakuna sikio. Mke wangu, aliyekuwa anatwanga, aliinama juu ya kinu, mabega yakamtikisika kwa kicheko.

Nilifikiri kidogo. Kisha nami nikamgeukia kuku. "Ewe kuku, mwambie mama kwamba ninamshukuru kwa maji yote aliyompa mgeni wangu. Ila mgeni huyu alikuja ameshiba. Kwao anakunywa mara moja kwa mwaka, na akizidishiwa anaharisha."

Kijiko kikagonga sufuria.

"Ewe kuku, kwa nini watu hawakusema mapema?"

"Ewe kuku, waliona haya."

Sufuria ikafunikwa. "Kuku," alisema mwisho, "haya yao ingeniulia mgeni wa watu mikononi."

Tangu siku hiyo kuku yule hakupata kupumzika. Mama alimtuma aniulize Kitambi kitaning'inia hadi lini. Nikajibu, mpaka jeraha liwe kavu kama gome. Alimtuma anieleze kwamba leo gome limeanza. Siku nyingine, kwamba amelibonyeza na halitoi kitu. Mjomba naye alipita akachungulia uchagani. "Mtani, hicho kikiiva usile peke yako. Nitakuja na ndizi."

Baada ya wiki mbili hivi, nilikipanda upya. Mke wangu alinisaidia kuleta mchanga wa mtoni, ule wa chembe kubwa. Tukachanganya na vipande vya chungu vilivyopondwa na makaa yaliyozimwa. Nikatoboa chungu tundu chini. Tumbo sikulifukia, nililiacha lote juu, kama nilivyoliona kwenye jabali. Kisha kuku akaulizwa swali ambalo, nikilifikiria sasa, lilikuwa la busara kuliko yote niliyowahi kuulizwa na wapimaji: "Nitajuaje kwamba ana kiu, ikiwa hasemi?"

"Ewe kuku, mama aingize kidole mchangani mpaka pingili ya pili. Kikitoka na unyevu, asimpe. Kikitoka kikavu, angoje siku tatu, ndipo ampe, na iwe nusu kibuyu. Kipupwe kikija majani yakaanguka, asimpe kabisa, hata akilia."

"Ewe kuku, ameelewa."

Haikupita miezi miwili, askari alikuja na barua ya bwana mpima. Kazi mpya, mbali, ng'ambo ya Kilosa. Nilipoisoma nilihisi ile hamu ya miguu ambayo siwezi kumweleza mtu asiye nayo. Mke wangu aliiona usoni kabla sijaikunja karatasi.

"Utakibeba?" aliuliza. Alikuwa ameegemea nguzo ya upenu, karibu na chungu.

"Kikibaki kitakufa."

"Nimekuuliza, utakibeba?"

Nilikitazama Kitambi. Kilikuwa na vijani vitatu tu. Kilifaa kabisa kwenye gunia. Kilikuwa kimeshasafiri siku kumi na moja bila kulalamika. Nikajua nikikibeba, mjomba atakuwa amepata jibu lake, na mke wangu pia.

"Kitabaki," nikasema.

Nilipitisha masika yote nje, na kipupwe chote. Katika kambi, mvua ilipopiga hema, nilikuwa nikikiona chungu kile kimejaa maji, kile kidole cha mama kinazama kwenye tope. Nilijiuliza mambo ambayo hakuna aliyeweza kunijibu. Je, mmea unajua kwamba umehamishwa? Unahesabu miezi kwa nini, kwa joto au kwa ukavu? Ukifika mahali ambapo kiangazi chenyewe kina umande, utajuaje kwamba wakati wa kuchanua umewadia?

Nilirudi mwishoni mwa kiangazi. Pale njia inapopinda chini ya misheni, unaweza kuiona nyumba yetu ng'ambo ya bonde. Nilisimama, kama nilivyozoea kusimama kazini. Chini ya upenu kulikuwa na kitu chekundu. Nikadhani ni nguo. Nikaenda hatua kumi, nikaangalia tena. Haikuwa nguo.

Watu walikuwa wamekuja kukiona kutoka vilima vitatu. Mwalimu wa dini wa misheni alikuwa ameomba ua moja akaweke altareni. Mama mkwe alimkatalia, akasema maziwa yake si mazuri kwa mtakatifu yeyote. Kuku wetu, niliambiwa, alikuwa ameliwa siku ya sikukuu, lakini kulikuwa na mwingine.

Jumapili ile, baada ya misa, mjomba aliwakusanya wakubwa wa ukoo uani kwetu. Chungu kiliwekwa katikati. Mke wangu alikaa mkekani na shangazi zake. Mama yake alikaa nyuma yao, amenipa mgongo, kama heshima ilivyotaka.

"Haya, ndugu zangu," mjomba alisema. "Mtani ameleta kitu, tumekiangalia mwaka mzima. Kama ni mti, desturi mnaijua, na huyu hajafikisha miaka. Kama ni majani tu, apande anapopenda, kama bamia. Semeni."

Mzee mmoja mwenye kikohozi alianza. "Mti una kivuli. Cha huyu hakimtoshi panya."

"Kina kuni?" mwingine aliuliza.

"Kuni gani? Ni kama muhogo mbichi. Kitazima moto."

"Kinazaa?"

"Hatujaona tunda."

"Basi si mti," alisema yule wa kikohozi. "Ni jani lililonenepa."

Watu walicheka. Mke wangu aliniangalia upesi, macho yake yanang'aa. Tulikuwa tumeshinda. Mjomba alikuwa ameshafungua mdomo ili amalize shauri.

"Si jani."

Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Hakugeuka. Hakukuwa na kuku.

"Majani nayajua, nimeyapalilia tangu sijaota meno ya pili. Mkwe wangu aliondoka, masika ikanyesha, nikakiingiza ndani na kukitoa, kikakaa. Kipupwe kikaangusha majani yote, mkasema kimekufa. Nikatia kidole kila asubuhi. Kilikuwa kimekaa tu, kinangoja. Jani halingoji mtu. Ni mti. Msimdanganye mkwe wangu kwa kumpa ruhusa ya bamia."

Mke wangu alifunika mdomo kwa kanga. Mama yake mwenyewe alikuwa amevunja kila kitu.

"Dada," mjomba alisema taratibu, "ukisema ni mti, umemnyima."

"Sijamnyima. Nasema ni mti, na nasema aupande."

Hapo hakuna aliyecheka. Mjomba alivua kofia yake, akaiangalia ndani, akaivaa tena. Aliponigeukia hakuniita mtani.

"Mkwe, utakaa hapa?"

Nilijua jibu walilolihitaji. Mke wangu alikuwa ananitazama, na niliona kabisa kwamba hata yeye hakutaka niseme uongo ule.

"Nikisema nitakaa, mjomba, wote hapa mnajua ni uongo. Nitarudi."

"Utarudi lini?"

"Kila kikichanua."

Yule mzee alikohoa. Shangazi mmoja akasema, "Angalau ana kalenda." Mjomba akainuka, akabeba chungu mwenyewe, akatembea nacho nyuma ya nyumba, kupita migomba, sisi sote nyuma yake, hadi kwenye mwamba ulio wazi juu ya kijito. Una ufa mmoja katikati, na maji ya mvua huteremka juu yake bila kusimama. Hakuna aliyewahi kulima hapo.

"Jembe halina kazi hapa," alisema. "Mwamba ni wetu. Kitakachoota kwenye ufa huu ni chako, na mtu asikiguse. Mgomba ule ni wangu, na wewe usiuguse." Kisha uso wake ukarudi kama kawaida. "Haya, Wanyamwezi nao wamepata shamba. Shamba la mawe! Ukivuna kokoto, mtani, utuletee."

Mke wangu hakungoja. Alikuwa ameshashuka kijitoni na kikapu kuchota mchanga.

Miaka michache baadaye vita viliingia katika nchi, na mimi nikachukuliwa kubeba mizigo, kwanza kwa Mdachi, kisha kwa waliomfukuza. Viangazi viwili sikurudi. Cha tatu nilirudi nimekonda, nikapitia mwambani kabla ya kufika nyumbani. Kilikuwa kimechanua. Mke wangu alikuwa amekaa kando yake, anachambua mboga, na alisema tu, "Umechelewa, yameanza kuanguka."

Sasa nina zaidi ya miaka arobaini, na bado sijajifunza kukaa. Kitambi kimepasua ule ufa. Mikono yangu miwili haikizunguki tena. Mama mkwe na mjomba wamefariki, na mkuu wa ardhi ni kaka wa mke wangu. Kuna jambo moja tu linanisumbua. Hapa Gairo, ninapoandika haya, mimea hii huzaa maganda mawili mawili kama pembe za mbuzi, na mbegu zake zina nywele pande zote mbili, zinaruka. Changu hakijazaa hata ganda moja. Nimefikiri sana nikaona huenda sababu ni kwamba kiko peke yake.

Kwa hiyo nilituma ujumbe nyumbani, kwa mfanyabiashara wa karanga, kuuliza kama shemeji ataniruhusu kupeleka wa pili. Jibu limefika jana, kwa mdomo, na mfanyabiashara yule alilisema akicheka kwa sababu hakulielewa.

"Mkeo anasema kaka yake amekubali. Ulete mche, chungu usilete."

Kesho asubuhi nitakwea kule kwenye mawe na kijiti cha kuchimbia. Gunia nimeshalikung'uta.